Somo: Watoto Walipochora Kifaru



Hapa Katuba tunachora pamoja na watoto wa familia zilizokimbia vita. Siku moja tuliwaomba wachore kifaru. Karibu wote walichora gari la vita lenye mzinga. Mmoja tu aliuliza, "Yule mnyama?" Hatukucheka.

Wachoraji wa mji huu, kama Pilipili Mulongoy wa karakana ya Hangar iliyoanzishwa mwaka 1946, walichora ndege na samaki waliowajua. Watoto wetu nao wanachora wanachokijua.

Basi tuwaeleze habari za mnyama mwenyewe. Kifaru mweupe wa kaskazini aliishi kaskazini-mashariki mwa Kongo, Uganda, Sudan, Chad na Afrika ya Kati. Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani hadi mwaka uliotangulia, alipiga kambi Lado, kwenye ukingo wa magharibi wa Nile. Yeye na mwanawe Kermit waliua vifaru weupe 9, ili makumbusho ya kwao yapate ngozi na mifupa. Mahali pale, upande wa Uganda, hadi leo panaitwa Rhino Camp, yaani kambi ya kifaru, na sasa kuna makazi ya wakimbizi. Kifaru mwenyewe hayupo tena.

Wabelgiji walianzisha hifadhi ya Garamba mwaka 1938. Tusidanganyane lakini: bunduki za wakoloni hazikummaliza peke yake. Bei ya pembe ng'ambo, majangili, na vita vya Sudan na vya kwetu vilimalizia. Mwaka 1984 Garamba ilikuwa na vifaru 15 hivi. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018. Walibaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu.

Tulipowasimulia wazazi, baba mmoja alikasirika: "Mwindaji wa kijiji anaitwa jangili, mgeni anaitwa bwana mkubwa." Mama mmoja akamjibu kwamba, hata hivyo, waliobeba bunduki mwishoni walikuwa vijana wetu. Walibishana mpaka jua likazama, na hakuna aliyeondoka kwa hasira. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko picha zenyewe.

Viongozi, jaribuni hivi katika vikundi vyenu. Waulizeni wazee: ni mnyama gani mliyemjua utotoni, kule mlikotoka? Nani alimwona mara ya mwisho? Kisha mpeni mtoto kipande cha makaa, amchore huku mzee anasimulia.