Geti, Ukuta na Mlango: Kuandika Vizuizi na Njia za Kuingilia kwenye Ramani ya Pamoja

Mwaka 2016 droni zilianza kuruka juu ya Unguja na Pemba kupiga picha za visiwa vizima. Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ndiyo iliyoongoza kazi hiyo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Katika picha za namna hii kila paa la bati huonekana, kila mnazi na kila kichochoro.

Ukuta wa ua nao huonekana, kama uzi mwembamba uliozunguka nyumba. Geti ni shida. Likiwa limefungwa huwa jembamba kama ukuta wenyewe, na likitazamwa kutoka juu ni vigumu kujua ukuta umeishia wapi na geti limeanzia wapi. Wala hakuna kamera ya angani inayoweza kueleza kama kufuli hutiwa saa nne usiku, au kama mlinzi huwaachia wanaotembea kwa miguu na kuwarudisha wenye bajaji.

Habari hizo ziko chini, kwa watu wanaopita pale kila siku. Kijitabu hiki kinaeleza namna zinavyoandikwa kwenye ramani ili simu ya dereva wa gari la wagonjwa, ya bodaboda au ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu iweze kuzielewa.

Ramani inayoandikwa na wengi

OpenStreetMap ni ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea au kuisahihisha. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Afrika Mashariki iliipokea mapema: mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walizunguka na vifaa vya GPS na kukijaza kitongoji chao kwenye ramani, na mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi katika kazi ya kuchora mitaa inayofurika maji. Programu za simu kama OsmAnd na Organic Maps huchota data zake humo.

Kila kitu kwenye ramani hiyo hupewa lebo yenye sehemu mbili zinazounganishwa na alama ya sawasawa. Ukuta ni barrier=wall, uzio ni barrier=fence na geti ni barrier=gate. Sehemu ya kwanza hutaja aina kubwa, yaani kizuizi, na ya pili hutaja ni kizuizi gani. Maneno haya ni ya Kiingereza na hayatafsiriwi, kwa kuwa programu ya Dodoma na ya Tokyo husoma lebo ileile.

Asili ya orodha ya lebo hizi bado inaonekana ndani yake. Ina lebo ya ngazi fupi ya kuvukia uzio wa shamba, na nyingine ya kigeti kinachocheza ndani ya kizimba kidogo ili mtu apite na ng'ombe abaki. Vyote viwili ni vitu vya mashambani Uingereza. Boma la Kimaasai lililozungushiwa matawi ya miiba halikuwa akilini mwa walioianzisha. Hata hivyo orodha haikufungwa. Mchoraji huandika uzio, kisha akaongeza lebo ya pili ya kueleza kwamba umetengenezwa kwa miiba.

Mstari na nukta

Kosa linalowasumbua watumiaji wengi halitokani na kukosea jina la kizuizi, bali mahali kilipowekwa.

Ukuta, uzio na ua wa michongoma ni vitu virefu, kwa hiyo huchorwa kama mstari. Geti ni sehemu ndogo, kwa hiyo huwekwa kama nukta. Programu ya kuelekeza njia husafiri juu ya mistari ya barabara, na hukutana tu na nukta zilizo juu ya mstari huo. Geti lililochorwa mita moja pembeni ya barabara, hata kama lebo zake zote ni sahihi, kwa programu ni kama halipo. Gari litapelekwa moja kwa moja hadi kwenye kufuli.

Nukta ya geti inapaswa kuwa ya mistari miwili kwa pamoja: barabara inayopita na ukuta unaokatwa. Ukuta ukichorwa kukatiza barabara bila nukta ya pamoja, ramani inakuwa imesema mambo mawili yanayopingana, kwamba ukuta haukatiki na kwamba barabara inapenya. Programu hufuata barabara. Palipo na uwazi tu kwenye ukuta, bila geti wala bawaba, pana lebo yake: barrier=entrance.

Kuta za kale zina jina lao pia. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yana ukuta wa nje na wa ndani. Ukuta uliojengwa kuuzunguka mji huandikwa barrier=city_wall, na lebo ya pili hueleza kwamba ni wa kihistoria. Kuuita ukuta wa kawaida si uongo, lakini huuweka kundi moja na tofali za ua wa gereji.

Geti la namna gani?

Mtu akisema "kuna geti pale" huwa amesema kidogo. Bomba refu linaloinuliwa na mlinzi mbele ya chuo au hospitali ni barrier=lift_gate. Bomba linalofunguka kwa kuzunguka pembeni kama mlango ni barrier=swing_gate. Geti la kawaida la mbao au chuma, la jani moja au mawili, ni barrier=gate.

Nguzo fupi zilizosimikwa kuzuia magari zisipande njia ya waenda kwa miguu ni barrier=bollard. Hapa kipimo kina maana kuliko jina: nafasi kati ya nguzo na nguzo inaweza kupitisha pikipiki na kuzuia bajaji, au kupitisha zote. Mchoraji mwenye futi mfukoni huandika upana huo. Chuma kinachopita juu ya barabara kuzuia malori marefu ni barrier=height_restrictor, na bila urefu wake kwa mita hakimsaidii dereva wa lori.

Vibanda vya kulipia tozo navyo vimo kundini. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, lina vibanda hivyo, sawa na barabara ya juu ya Nairobi iliyoanza kutumika mwaka 2022. Lebo yake ni barrier=toll_booth. Vituo vya mpakani kama Namanga, ambako msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja, huandikwa barrier=border_control. Vigeti vya kuzunguka ambavyo abiria huvisukuma mmoja mmoja baada ya kuonyesha tiketi ni barrier=turnstile.

Kwa uzio, kinachoongezwa ni aina. Seng'enge, wavu wa waya, mabati na nyaya za umeme vyote ni uzio, lakini havifanyi kazi moja. Uzio wa umeme unaozunguka milima ya Aberdare nchini Kenya, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilishwa mwaka 2009 ili tembo wasiingie mashambani na watu wasiuvamie msitu. Anayeuona kwenye ramani kama uzio tu hajui kwamba hauguswi.

Ipo pia lebo ya jumla, barrier=yes, inayosema kuna kizuizi bila kutaja kipi. Ni ya dharura. Inafaa kwa anayechora kutoka kwenye picha na kuona kitu asichokitambua, na inamngoja mwenyeji aje kuibadilisha.

Nani anapita, na saa ngapi

Jina la kizuizi halijibu swali la ruhusa. Mageti mawili yanayofanana kabisa, la soko na la kiwanda, yana masharti tofauti, na masharti hayo yana lebo zake. Neno access hutaja ruhusa ya jumla: access=yes kwa wote, access=private kwa wenyeji na wageni wao, access=customers kwa wateja. Kisha aina za wasafiri hutenganishwa. Njia inayopitisha watu na kuzuia magari hupewa foot=yes na motor_vehicle=no. Magari ya dharura yanayoruhusiwa pale ambapo mengine yanazuiwa huandikiwa emergency=yes.

Geti lisilo na lebo hizi huacha kila programu ikisie kivyake, na programu hazikisii sawa.

Saa ndiyo huwatega Waswahili zaidi kuliko wachoraji wa mataifa mengine. Mlinzi akisema geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku, kwenye ramani hiyo ni 06:00 mpaka 22:00. Mchoraji akiandika 04:00 kwa sababu amesikia "saa nne", ameliacha geti wazi karibu usiku kucha kwenye simu za watu. Kwa kazi ya mtaani njia salama ni kuandika kwenye daftari maneno ya mlinzi kama alivyosema, pamoja na asubuhi, mchana au usiku, kisha kugeuza saa wakati wa kuingiza data.

Mlango wa jengo

Baada ya geti kuna mlango. Milango ya majengo hutumia neno jingine, entrance, na nukta yake hukaa juu ya mstari wa jengo. Mlango mkuu ni entrance=main, wa kutokea tu ni entrance=exit, wa dharura ni entrance=emergency, na wa wafanyakazi na mizigo ni entrance=service. Tofauti kati ya barrier=entrance na entrance=main huwachanganya wengi. Ya kwanza ni uwazi kwenye ukuta au uzio, ya pili ni mlango wa jengo.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mlango mzuri kuliko yote si lazima uwe mlango wa kuingilia. Nyumba iliyogeuzwa hoteli au ofisi inaweza kuuacha mlango wa nakshi umefungwa na kuwapitisha wageni ubavuni. Ramani hufuata miguu ya watu, na mlango mkuu ni ule unaotumika leo.

Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mlango ni suala la sentimita. Mwaka 2010 shirika la Sozialhelden la Berlin lilianzisha Wheelmap, ramani inayotumia data za OpenStreetMap kuonyesha mahali panapofikika, panapofikika kwa taabu na pasipofikika. Data hizo hutokana na lebo ya wheelchair yenye majibu matatu: yes, limited au no. Mchoraji makini huongeza idadi ya ngazi, upana wa mlango na hali ya kingo za barabara. Ukingo unaozidi sentimita 3 huhesabiwa kuwa umeinuka, ulioteremshwa huwa na takriban sentimita 3, na uliolingana na barabara hauna kimo chochote. Sentimita hizo chache zinatosha kulizuia gurudumu la mbele.

Vinavyofanana na vizuizi

Matuta ya barabarani hayamo katika kundi hili. Hupunguza mwendo lakini hayafungi njia, na lebo yake huanza na traffic_calming. Mizani ya malori si kizuizi pia, ingawa foleni yake inaweza kumfanya dereva aamini vinginevyo; ina lebo yake, amenity=weighbridge.

Mtaro wa maji ya mvua huandikwa kama njia ya maji, na bamba la zege linalouvuka kwenda dukani huchorwa kama kivuko kidogo. Mitaro ilikuwa sehemu kubwa ya kazi ya Ramani Huria, kwa kuwa mtaro uliozibwa na taka ndio unaopeleka maji majumbani.

Gogo au mapipa yanayowekwa na askari kwa siku moja hayaandikwi. Ramani hupokea kitu kinachotarajiwa kukaa, na ambacho mtu mwingine akienda kesho atakikuta.

Ya kuacha nje

Kuna habari za kweli ambazo hazina nafasi kwenye ramani ya wazi. Jina la mwenye nyumba, namba ya siri ya geti, zamu za walinzi na mahali uzio wa mtu ulipotoboka havimsaidii msafiri na vinaweza kumdhuru mwenyeji. Kuhusu kambi za jeshi na maeneo mengine ya ulinzi, mchoraji afuate sheria za nchi, na asisimame nje akipiga picha.

Makosa mengine yote yanasahihishika. Kila badiliko huhifadhiwa na jina la akaunti ya aliyelifanya, tarehe na maelezo yake, na lililoharibika hurudishwa lilivyokuwa. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia StreetComplete, inayouliza swali mojamoja mtu akiwa amesimama mahali penyewe. Mwenye kompyuta hutumia iD ndani ya kivinjari. Asiye na kifaa chochote anaweza kuzunguka na karatasi iliyochapishwa na kalamu, kisha mwenzake akaingiza.

Anayetaka kuanza leo aanze na geti la zahanati ya mtaa wake. Alitazame ni la aina gani, amuulize mlinzi nani wanaruhusiwa na kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, apime upana wake, kisha ahakikishe nukta yake imekaa juu ya barabara.