Hesabu ya Kila Mchezaji katika Mpira wa Kikapu

Mpira wa kikapu ulibuniwa na Bwana James Naismith, mwalimu wa michezo, mwezi wa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, Marekani. Aliuandikia sheria 13, na mbili katika hizo zafaa kutazamwa sana. Moja ilisema kuwa mchezaji akimshika au kumsukuma mpinzani mara ya pili, atoke mpaka bao lijalo lifungwe. Nyingine ilisema kuwa timu ikifanya makosa 3 mfululizo, wapinzani wahesabiwe bao. Hivyo tangu mwanzo kosa la mtu mmoja lilihesabiwa mara mbili: kwake mwenyewe, na kwa wenzake wote.

Ndivyo ilivyo hata leo. Katika sheria za kimataifa, karatasi ya hesabu iliyo mezani ina visanduku 5 mbele ya jina la kila mchezaji. Kosa la tano likiandikwa, hutoka wala harudi tena. Makosa hayo hujumlishwa pia kwa timu: yakifika 4 katika robo moja ya mchezo, kosa la ulinzi linalofuata huwapa wapinzani mitupo 2 ya bure. Basi amsukumaye mtu kwa hasira katikati ya uwanja, mahali pasipo hatari, huenda amewauza wenzake kwa pointi 2.

Mchezaji ajuaye wajibu wake hushika mambo matatu. Kwanza, huweka moyoni idadi ya makosa yake bila kungoja kuambiwa. Pili, akinyang'anywa mpira hurudi mbio kulinda. Akisimama kumlalamikia mwamuzi, wenzake hubaki 4 mbele ya watu 5, na pengo hilo ni lake. Tatu, akichoka humwambia mwalimu. Si aibu, kwani katika mchezo huu aliyebadilishwa aweza kurudi uwanjani. Lakini afichaye uchovu humwachia mwenziwe watu wawili wa kulinda.

Wako wasemao, "Tumeshindwa kwa ajili ya mwamuzi," au, "Fulani hakunipa mpira." Wazee walisema kuwa nyani haoni kundule. Ndugu wachezaji, mchezo ukiisha iombeni ile karatasi ya mezani, na kila mmoja ausome mstari wake kabla ya kuusoma wa mwenziwe.