Bati Linavuja? Kwangua Kwanza

Panda mwamba wowote Nyegezi, Mwanza, utazame mapaa yaliyo chini yako: baka la lami, juu yake silikoni, juu ya silikoni saruji. Na beseni bado liko sebuleni. Kabla mvua za vuli hazijaanza Oktoba, fanya hivi.

1. Tafuta tundu, achana na doa. Maji huingia juu, hutambaa kwenye papi, kisha hudondoka mbali. Jua likiwa kali, ingia darini na chaki. Mwanga unapopenya, tia alama. Usipouona, mmoja apande na mpira wa maji, aanzie chini ya paa kwenda juu, na wa ndani apige kelele.

2. Kwangua mpaka ulione bati. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokwepa, maana inachosha na mwenye nyumba haoni kitu. Lakini silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu, na juu ya lami ndiyo kabisa. Mafundi mitumbwi wa ziwani wanalijua hili: pamba iliyooza hung'olewa kwenye maungio ya mbao kabla mpya haijapigwa. Tumia kipande cha mbao au plastiki ngumu. Brashi ya waya iguse penye kutu tu, la sivyo utaondoa zinki. Malizia kwa kitambaa chenye spiriti, uache pakauke.

3. Nusa tyubu. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inayokula zinki ya bati. Dukani ulizia isiyo na asidi, inayofaa kwa chuma. Saruji nayo usiipake: haivutiki, na bati la mita 3 likiongezeka joto nyuzi 40 hurefuka zaidi ya milimita moja. Kila siku hurefuka na kunywea, saruji inapasuka.

4. Msumari uliolegea ung'oe. Weka skrubu nene kidogo yenye raba mpya, uikaze mpaka raba ibonyee kidogo, isichanike.

5. Panda umande ukishakauka, jua halijachoma. Vaa viatu vya raba, kanyaga kwenye mstari wa misumari, ndiko papi iliko. Silikoni hukauka milimita 2 au 3 kwa siku, kwa hiyo usiimwagie maji jioni ileile eti unajaribu.

6. Kutu ikishatafuna bati hata skrubu haina pa kushika, usimsikilize fundi anayekuomba tyubu nyingine. Nunua bati. Kabla ya kwenda dukani angalia geji, na kama lako ni la migongo midogo, migongo mipana au msauzi, kwa sababu mabati ya aina tofauti hayalaliani, na maji yatapita palepale.