Kiti cha Mtoto cha Gari Kikitangazwa Kuwa na Kasoro: Maswali ya Wazazi

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani hukutana na kiti cha mtoto cha gari kwa mara ya kwanza hospitalini, siku ya kumpeleka mtoto mchanga nyumbani. Wengine hukipata kanisani, kwa jirani, au kwa jamaa ambaye mtoto wake amekua. Majimbo yote yana sheria inayotaka mtoto mdogo asafiri ndani ya kiti hicho, lakini ni nadra mzazi kuelezwa la kufanya pale kiti chenyewe kinapogunduliwa kuwa na kasoro.

Kiti "kurejeshwa" maana yake nini?

Ni tangazo rasmi kwamba bidhaa iliyokwisha kuuzwa ina kasoro ya usalama au haifikii kiwango cha sheria, na kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuirekebisha. Neno utakaloliona kwenye barua za Kiingereza ni "recall". Viti vya gari husimamiwa na NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani. Mbeleko za dukani na vigari vya kusukuma watoto viko chini ya CPSC, tume ya usalama wa bidhaa za wateja.

Kasoro zenyewe huwa za namna gani?

Mfano mkubwa ni wa mwaka 2014. Kampuni ya Graco ilirejesha viti zaidi ya milioni 6 kwa sababu bizimu, yaani kile kifungio cha katikati kinachoshika mikanda, iliweza kuwa ngumu kufunguka au kukwama kabisa. Mabaki ya chakula na vinywaji vya watoto yalikuwa yakiingia ndani yake na kuigandisha. Kwa safari ya kila siku hilo ni usumbufu tu, lakini gari likishika moto au kutumbukia majini, kila sekunde ya kuhangaika na bizimu ni ya hatari. Tangazo la kwanza lilihusu viti vya watoto waliokwisha kukua kidogo, kisha mwaka huohuo vikaongezwa vile vya kubebea wachanga. Mwaka 2015 kampuni ilikubali adhabu ya dola milioni 10 kwa kuchelewa kutoa taarifa. Suluhisho lilikuwa dogo kuliko hofu iliyoenea: bizimu mpya, iliyotolewa bila malipo.

Kasoro nyingine huwa kwenye mishikio. Mwaka 2008 kampuni ya Evenflo ilirejesha takriban viti milioni 1 vya wachanga aina ya Discovery, kwa kuwa kiti kiliweza kuchomoka kwenye kitako chake wakati wa ajali.

Na mbeleko za dukani?

Mwaka 2010 zilirejeshwa mbeleko zaidi ya milioni 1 za kampuni ya Infantino, baada ya kuripotiwa vifo vya watoto watatu. Kitambaa chake kilikuwa na kina kama mfuko: mtoto alijikunja ndani, kidevu kikagusa kifua, njia ya hewa ikabanwa. Baadhi ya akina mama walielewa kwamba kubeba mtoto kwa kitambaa kumekatazwa, na wasiwasi wao unaeleweka. Sivyo. Kilichorejeshwa ni bidhaa ile, na tahadhari yake inafaa kwa kila anayebeba mtoto mchanga, hata kwa kanga au kitenge: uso wake uonekane, pua na mdomo viwe wazi, kidevu kisilale kifuani. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto aliyesinzia kwenye kiti cha gari ahamishiwe kitandani mkifika nyumbani.

Nitajuaje kama kiti changu kimo?

Pindua kiti utafute lebo, ambayo mara nyingi iko chini, ubavuni au mgongoni. Andika jina la kampuni, namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa, kisha linganisha na orodha iliyo kwenye tovuti ya NHTSA, au upige simu kwa mtengenezaji. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kwani modeli moja yaweza kuguswa na nyingine ikawa salama. Kiti kisicho na lebo kabisa usikitumie: huwezi kujua umri wake, wala kama kilipimwa.

Tunasikia kadi ya usajili hupeleka jina la mzazi uhamiaji. Ni kweli?

Si kweli. Kadi inayokuja na kiti kipya huenda kwa mtengenezaji. Huuliza jina na mahali pa kukupata, na haiulizi uraia wala kibali cha kuishi. Posta yake imelipiwa.

Tunasisitiza jambo hili kuliko mengine yote katika maelezo haya. Kasoro inapothibitishwa, kampuni hutakiwa na sheria kuwaandikia wenye viti, lakini inaweza kumwandikia yule tu inayemjua. Familia inayohama kutoka nyumba ya kupanga kwenda nyingine ndiyo hupotea kwenye orodha. Kama kadi ilitupwa, unaweza kujisajili kwa intaneti kwa kutumia namba za lebo, hata kwa kiti ulichopewa na mtu, na ukihama ubadilishe anwani.

Nitalipa? Nimepoteza risiti.

Marekebisho ni bure. Sheria inaipa kampuni njia tatu: kurekebisha, kubadilisha kiti au kurudisha fedha. Kwa kawaida namba za lebo hutosha. Ukitozwa ada, au ukiombwa namba ya kadi ya benki ili "kuharakisha", kata simu na upige upya kwa namba iliyo kwenye lebo au kitabu cha maelekezo.

Niache kukitumia mara moja?

Soma tangazo, kwa sababu kila kasoro ina agizo lake. Baadhi huruhusu matumizi kuendelea hadi kifaa kipya kifike. Mengine husema acha leo. Usimpakate mtoto kama njia ya kusubiri: gari likigonga, hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumshika. Ukiambiwa uache, idara ya afya ya eneo lako au kituo cha zimamoto huenda vikakuelekeza pa kupata kiti cha muda.

Nataka kukituma nyumbani, Mombasa au Dar es Salaam.

Kikague kabla hakijaingia kwenye kontena. Haki ya marekebisho ya bure hutokana na sheria ya Marekani, na itakuwa vigumu kwa ndugu yako kuidai akiwa mbali. Tazama pia muda wa matumizi ulioandikwa au kuchorwa kwenye plastiki, ambao kwa viti vingi ni miaka 6 hadi 10 tangu kutengenezwa, na usitume kiti kilichopitia ajali kubwa. Anayenunua kiti cha mtumba sokoni naye anaweza kupiga picha lebo na kutafuta namba hizo kwa simu yake kabla ya kutoa pesa.

Nimegundua kasoro ambayo haijatangazwa. Nimweleze nani?

Iambie NHTSA kupitia tovuti au simu yake, na umjulishe mtengenezaji. Malalamiko ya wazazi ni miongoni mwa mambo yanayofungua uchunguzi.

Kiti kisichofaa tena nikiweke wapi?

Usikiharibu kabla ya kuwasiliana na kampuni, kwa sababu huenda ikataka picha au kiti chenyewe kabla ya kukulipa. Wakikuruhusu kukitupa, kata mikanda yote, toa kitambaa, na uandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya plastiki kwamba kina kasoro. Kiti kilichoachwa kizima kando ya pipa la taka huokotwa na mzazi mwingine kabla ya jioni.