Elisha Naye Aliugua

Somo: 2 Wafalme 13:14-21

Jumapili iliyopita nilihubiri kifungu hiki, muda ukaniishia, na baada ya ibada wengine wenu mlinizuia mlangoni na maswali. Leo naandika yale niliyoyaacha, pamoja na jambo moja nililoogopa kulisema madhabahuni.

Elisha ndiye aliyepewa sehemu maradufu ya roho ya Eliya. Aliombea mtoto wa yule mama Mshunami, akafufuka. Alimtuma Naamani Yordani, akatakasika ukoma. Lakini Neno linasema wazi kwamba nabii huyu aliugua, na ugonjwa huo ndio uliomwua. Hakuna mahali Biblia inamlaumu kwa kukosa imani. Mfalme Yoashi alikuja akamlilia, na Elisha akiwa mgonjwa vile vile akaweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme, akamwagiza afungue dirisha la mashariki apige mshale. Mtu wa kufa bado alikuwa na kazi ya Mungu mkononi.

Sasa lile nililoogopa. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa ushirika wetu wa Ruiru alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Daktari akamshauri binti yake waonane na timu ya huduma shufaa, wale wengi wetu tunawaita watu wa hospisi. Binti akanipigia simu: "Pasta, twende?" Nikamjibu, "Mama hajafika huko. Tusikiri mauti." Nilisema kwa ujasiri, na sikujua hata ninachokikataa ni nini.

Yule mama alikaa wiki tatu akikesha, akiuma shuka ili wajukuu wasimsikie. Nilipoenda kumwombea hakuweza hata kuitikia Amina. Imani alikuwa nayo. Maumivu ndiyo hayakumpa nafasi. Mwishowe binti alikwenda bila kuniuliza, na alifanya vyema. Siku chache baada ya kuanza dawa nilimkuta mama ameketi, akaniuliza mbona sikuja na gitaa. Kabla Bwana hajamchukua, miezi minne baadaye, aliwaita kaka zake wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya shamba, akawapatanisha. Binti nimemwomba msamaha. Ninyi pia nawaomba.

Timu hii huwa na nesi, daktari, mfamasia, mshauri, afisa wa ustawi wa jamii, na mtu wa kiroho pia, maana hata Shirika la Afya Duniani linahesabu mahitaji ya roho kuwa sehemu ya huduma hii. Wanatuliza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na hofu. Wanamfundisha anayeuguza nyumbani jinsi ya kumgeuza mgonjwa asitoke vidonda. Na si saratani pekee: kuna figo, moyo, kiharusi. Nairobi Hospice ilianza 1990, na huku kwetu Hospitali ya Thika Level 5 ina kitengo chake; kutoka Ruiru ni kupanda tu matatu ya Thika.

Wengi mnaogopa mofini. Ile ya kunywa hutengenezwa kwa unga na maji, hupimwa, hunywewa kila baada ya saa 4, ikianza kidogo na kuongezwa kulingana na maumivu. Hufunga choo, ndiyo maana huandamana na dawa ya kulainisha. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ikitolewa kwa kipimo na uangalizi, si sumu ya kummaliza mtu. Hezekia alikuwa tayari ameahidiwa uponyaji, na bado Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake.

Na tusingoje siku za mwisho. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea. Wote waliendelea na matibabu ya kawaida, lakini nusu walipewa timu hii tangu mwanzo. Hao waliishi takriban miezi 11.6, wenzao 8.9. Kwa hivyo kumwita nesi wa shufaa si kumfukuza daktari, wala hakufuti Yakobo 5. Mafuta bado tutapaka.

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa, na macho ya hesabu hayajanitoka. Nimesimamia harambee nyingi za wagonjwa. Tumelipia vipimo vilevile katika hospitali ya tatu, tumelipa bili ya mochari. Sijawahi kuona bajeti yenye mstari wa nauli ya kwenda kuchukua dawa ya maumivu. Wala sikumbuki mgonjwa mwenyewe akiulizwa anataka nini.

Ushirika wa Ruiru wameanza zamu: watu wawili kila Jumanne na Ijumaa wanakaa na mgonjwa ili anayemuuguza apate kulala. Thika bado hatuna majina. Anayetaka kuingia anione baada ya ibada ya pili. Njoo umeshakula, uwe tayari kufua shuka, na tafadhali usije na hadithi ya jirani yako aliyekufa kwa ugonjwa huohuo.