Mbona Wasiokufa Hawazai Sana?

Katika hadithi ya Tolkien, "The Lord of the Rings" (1954-1955), Elrond ameishi zaidi ya miaka 6000, lakini ana watoto watatu tu. Mbona?

Kwanza, ni hesabu. Wasiokufa wangezaa kama sisi, dunia ingejaa pomoni. Pili, baba asipoondoka, mwana atarithi nini? Hata akifika miaka elfu, ataitwa tu mtoto wa fulani.

Tazameni mgomba: ukishazaa hukatwa, chipukizi likapata nafasi. Arwen, bintiye Elrond, alikubali kufa ili aolewe na Aragorn, akazaa mrithi wa ufalme.

Mimi naona hivi: kwetu mtoto hupewa jina la babu lisipotee. Babu asiyekufa, jina lake litapoteaje?