Bao kama Zoezi la Mkono Baada ya Kiharusi

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani Utemini, katika Manispaa ya Singida, hufundishwa mazoezi ya mkono. Wengi huyaanza kwa bidii, kisha huyaacha; kukunja na kukunjua vidole peke yako chumbani huchosha upesi. Mkono usiotumika hukakamaa. Je, ni nini kitakachomfanya mgonjwa arudie tendo lile lile mara nyingi kila siku?

Kwingineko duniani jibu limetafutwa katika michezo ya kompyuta. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya majaribio 72 yenye washiriki 2,470, yalionesha kuwa kwa mkono michezo hiyo haikuyazidi mazoezi ya kawaida. Ilielekea kusaidia ilipoongezwa juu ya mazoezi hayo, hivyo muda wote wa kujizoeza ukazidi. Basi jambo kuu ni kupata mchezo ambao mgonjwa ataurudia kwa hiari.

Mchezo wa namna hiyo tunao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huchota kete, kisha huziachia moja moja, shimo baada ya shimo, mpaka alale. Kushika na kuachia ndiyo matendo yanayomshinda mgonjwa wa kiharusi. Tena, aliyepooza upande wa kushoto na kuusahau hulazimika kuutazama, kwani mashimo yanaendelea hadi huko. Aliyepoteza usemi naye hucheza sawa na wenzake, kwa kuwa bao halihitaji maneno.

Hata hivyo, akiachiwa achezee mkono mzima, faida kwa mkono dhaifu hupotea. Kwa hiyo zingatia haya:

1. Mkono dhaifu ndio uachie kete. Mkono mzima usaidie tu pale unaposhindwa.
2. Anza na mawe makubwa na mashimo mapana. Vidole vikipata nguvu, punguza ukubwa.
3. Kwa asiyeona vizuri, tumia kete za rangi inayotofautiana na ubao.
4. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, weka bao mezani juu ya kitambaa chenye unyevu, lisiteleze.
5. Kwa aliyepungukiwa kumbukumbu, anza na safu mbili na kete chache.

Kila siku hesabu kete alizoachia bila msaada, uandike. Daftari hilo litamwonesha mtaalamu wa utengamao maendeleo ambayo macho ya kila siku hayayaoni.

Ndugu, msimvute mgonjwa mkono uliopooza. Bega likiuma, acheni mchezo na mwoneni mtaalamu. Uso ukipinda ghafla, au udhaifu mpya ukitokea, mpelekeni hospitali mara moja.

Nawe mhudumu wa afya, unapomuaga mgonjwa, muulize pia: nyumbani, nani atacheza naye?